Pumzi ya Tabo Milimani: Majibu kwa Wasomaji wa Mbeya, Iringa na Njombe

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Nyanda za Juu Kusini, na zinazungumzia jambo moja kwa sura tofauti: mabomba ya hewa na mipira ya kupumulia (inayotoa gesi tumboni mwa injini) ya magari ya tabo, yaani yenye turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini. Tumeanza na barua ambayo jibu lake linazigusa nyingine zote.

Subaru Forester yangu ya tabo (injini EJ205) niliitoa Dar es Salaam ikivuta vizuri. Huku Mbeya, nikipanda Mlima Nyoka inakuwa nzito na nikikanyaga inatoa moshi mweusi. Fundi mmoja anasema ni mwinuko tu. Mwingine anataka nitoe bomba lote la hewa niweke la aluminiamu. Nimsikilize yupi?
*Msomaji, Uyole*

Kwa sasa usimpe kazi yeyote kati yao. Mwinuko una sehemu yake, ila hauelezi moshi mweusi.

Tupige hesabu. Usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni takriban kilopaskali 101. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, inabaki kama 82. Tabo ikisukuma bar 0.8 (kilopaskali 80) juu ya hewa ya nje, Dar injini inapata jumla ya kilopaskali 181, Mbeya inapata 162. Umepoteza kama asilimia 10. Gari lisilo na tabo linapoteza 18 au zaidi. Kwa hiyo uzito kidogo mlimani ni haki yake, na kompyuta nyingi za kiwandani hupunguza presha ya tabo zikiona hewa ya nje ni nyepesi, ili tabo isizunguke kupita kiasi.

Lakini Forester yako inapima hewa kwa sensa ya eaflo, iliyokaa baada tu ya ea klina, na sensa hiyo inapima uzito wa hewa. Hewa ikipungua kwa sababu ya mwinuko, kompyuta inapunguza na petroli. Moshi mweusi maana yake petroli imezidi hewa iliyofika: hewa ilipimwa, mafuta yakamwagwa kwa kipimo hicho, kisha hewa ikatorokea njiani. Ndiyo maana tunashuku tundu kabla ya kitu kingine chochote.

Mahali pa tundu panajieleza kwa dalili. Tundu likiwa kati ya sensa na tabo, injini inavuta hewa isiyopimwa wakati wote, hivyo petroli inapungua na gari linakatakata. Likiwa kati ya tabo na throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga), gari linatulia vizuri likiwa limesimama, ila ukikanyaga hewa inapigwa nje na moshi mweusi unatoka. Likiwa baada ya throtoli unapata yote mawili: silensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga) iko juu au inayumba gari likisimama, na moshi ukikanyaga. Kwa maelezo yako, anza kutafuta kati ya tabo na throtoli: mipira ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), gasketi zake, na valvu ya kurudisha presha.

Kipimo chake hakihitaji mashine ya gharama. Nunua kifuniko cha bomba la PVC kwenye duka la vifaa vya maji, kinacholingana na mdomo wa mpira unaoingia kwenye tabo. Toboa katikati, weka valvu ya tairi la tyubulesi. Ng'oa bomba baada ya sensa ya eaflo, vesha kifuniko, kaza kwa klipu mbili. Kabla ya kujaza upepo, chomoa mipira ya kupumulia inayoingia kwenye bomba hilo na uzibe matundu yake kwa vizibo vya kukaza. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa, na matokeo yake ni upepo kuingia tumboni mwa injini na kusukuma sili za krenki (shafti kuu ya injini) nje. Sasa jaza upepo taratibu kwa kompresa yenye kidhibiti, anza bar 0.3, usipite bar 0.8, na mtu yeyote asisimame mbele ya kifuniko, kwa kuwa kikifyatuka kinaumiza. Nyunyizia maji ya sabuni kila kiungo. Ukisikia upepo unapita ndani ya injini yenyewe, huenda valvu ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi za silinda moja ziko wazi kwa pamoja. Zungusha krenki kidogo kwa spana, ujaribu tena.

Kama kila kiungo kimekaza na moshi bado upo, hapo tazama sensa yenyewe na presha ya petroli. Bomba la aluminiamu halimo kwenye orodha hii.

Gari langu la petroli lenye tabo linatoa moshi wa bluu asubuhi na baada ya kushuka mteremko mrefu. Mpira wa kutoka kwenye tabo una oili ndani. Nimeambiwa tabo imekufa ninunue nyingine. Hii itakuwa ya pili ndani ya mwaka mmoja.
*Msomaji, Mafinga*

Ndugu, simama hapo kwanza. Tabo mbili kwa mwaka mmoja zinaonyesha kuna kitu kinachoziharibu au kinachozisingizia, na mara nyingi ni mipira ya kupumulia.

Pistoni inaposhuka, gesi kidogo hupenya kwenye ringi na kuingia tumboni mwa injini, yaani upande wa krenki na sampo (bakuli la oili la chini). Hata injini mpya inafanya hivyo, na ya tabo inafanya zaidi kwa kuwa presha iliyo juu ya pistoni ni kubwa. Gesi hizo lazima zitoke. Gari likiwa limesimama au linaenda polepole, manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda) inazivuta kupitia valvu ya PCV, valvu ndogo ya kupitisha gesi upande mmoja tu. Tabo ikianza kusukuma, manifodi inakuwa na presha badala ya mvuto, valvu ya PCV inajifunga, na gesi zinatoka kwa njia ya pili: mipira inayotoka kwenye vifuniko vya valvu na tumboni kwenda kwenye bomba la hewa kabla ya tabo, ambako daima kuna mvuto mdogo.

Oili ya tabo nayo inaingia kwa presha, ila inarudi sampo kwa kuteremka tu, kama maji kwenye mfereji. Mipira ya kupumulia ikiziba, presha inapanda tumboni, na ule mteremko unasukumwa kutoka chini. Oili inajaa ndani ya tabo na kupita kwenye sili zake, maana sili za tabo ni ringi nyembamba za chuma ambazo hazikuundwa kuzuia oili iliyosimama. Moshi wa bluu unatoka, tabo inalaumiwa, inanunuliwa nyingine, na baada ya miezi michache hadithi ni ile ile.

Kagua kwa mpangilio huu. Washa injini, ipate moto kamili, iache silensa. Fungua kifuniko cha kujazia oili, funika tundu kwa kipande cha nailoni laini. Ikivutwa ndani kidogo, njia ya PCV inafanya kazi. Ikipuliziwa juu, ama njia imeziba ama ringi zimechoka. Zima injini, chomoa valvu ya PCV, itikise: inatakiwa igonge ndani. Puliza kutoka upande wa injini, upepo upite. Puliza kutoka upande wa manifodi, ufunge kabisa. Ikipitisha pande zote mbili, tabo imekuwa ikisukuma presha yake moja kwa moja tumboni. Badilisha, usijaribu kuitengeneza. Hiki ni kifaa cha bei ndogo chenye uwezo wa kuua injini.

Kisha fuata mipira yote kwa mkono, hasa ile iliyojificha nyuma ya manifodi. Kwenye injini nyingi za Subaru za tabo kuna kiungo cha plastiki chenye umbo la T ambacho kwa joto la miaka mingi hukauka na kuvunjika ukikigusa, kwa hiyo nunua kingine kabla ya kuanza kazi. Mpira uliolainika kama ulimi unabonyea ndani ukivutwa na kuziba, hata kama kwa nje unaonekana mzima.

Kwa kipimo cha uhakika, chukua mpira mwembamba mweupe wa mita 3, ukunje kama herufi U ndefu, weka maji nusu, upande mmoja ufunge kwenye bomba la dipstiki. Sentimita 10 za tofauti ya maji ni sawa na kilopaskali 1. Silensa, maji yanatakiwa yavutwe kidogo kuelekea injini. Mtu akipandisha mizunguko taratibu na maji yakasukumwa upande wa nje, tumbo lina presha. Kila mguu wa U uwe na mita moja na zaidi ili maji yasifyonzwe ndani.

Tabo yenyewe uipime mwisho. Shafti ikicheza kidogo kwenda pembeni bila feni kugusa ukuta, hiyo ni kawaida yake. Ikicheza kwenda mbele na nyuma kiasi cha kuhisi kwa vidole, au feni ikiwa imekwangua ukuta, basi kweli imekufa. Hata hivyo usifunge mpya kabla ya kusafisha bomba la kurudisha oili. Silikoni ya gasketi iliyopakwa kwa wingi huziba nusu ya tundu lake.

Jambo moja la huku milimani. Fundi akipima kompreshen (mgandamizo ndani ya silinda), asilinganishe na kitabu moja kwa moja. Injini ambayo kitabu kinasema bar 12 usawa wa bahari, Mbeya itasoma karibu 9.8 ikiwa nzima kabisa, na Mafinga, palipo juu zaidi, itashuka chini ya hapo. Watu wamefunguliwa injini bure kwa sababu hiyo. Kinachosema ukweli ni tofauti kati ya silinda na silinda: ikizidi asilimia 10, hapo pana kazi.

Nataka kuweka kopo la kunasa oili kwenye mipira ya kupumulia. Fundi wa kuchomelea yupo. Liwe na ukubwa gani, na ndani niweke nini? Wengine wanaweka kifilta kidogo juu na kuacha mvuke utoke nje.
*Msomaji, Mwanjelwa*

Ukubwa wa lita 0.5 hadi 1 unatosha gari la kawaida. La muhimu kuliko ujazo ni kilichomo ndani. Kopo tupu lenye matundu mawili juu halinasi kitu; mvuke unaingia na kutoka ulivyo. Bomba la kuingilia lishuke mpaka katikati ya kopo. Juu yake weka bamba lenye matundu, kisha wavu wa chuma kisichoshika kutu, kisha bamba jingine la kuushikilia, na tundu la kutokea liwe juu kabisa. Usitumie ile steliwaya ya kusugulia sufuria ikiwa huru. Nyuzi zake zinakatika, zinafyonzwa, na feni ya tabo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika haivumilii kipande cha chuma.

Upana wa mipira ndipo wengi wanapoharibu. Pima pua za asili (ncha za kuchomekea mipira) kwa kalipa na usishuke chini ya hapo popote. Ukiunganisha mipira miwili ya milimita 15 kuwa mmoja, huo mmoja unahitaji walau milimita 21 ili eneo libaki lile lile. Chukua wa inchi 1 na usihangaike. Mpira uwe ule wa kuhimili oili, unaouzwa kwa ajili ya mafuta na oili. Mpira wa hita au wa rejeta umetengenezwa kwa maji. Ukikutana na oili unavimba, unalainika, na baada ya muda unajibana wenyewe. Silikoni ya kawaida nayo inatoa jasho la oili kwa nje.

Liweke kopo mahali penye ubaridi, walau sentimita 15 kutoka kwenye tabo na bomba la moshi, maana oili ikidondokea chuma chekundu inashika moto. Mpira uteremke kuelekea kopo bila kulegea katikati. Palipolegea panatuama maji. Chini weka bomba la kumwagia lenye kizibo. Mwaga baada ya kilomita 500 za kwanza uone kiasi, halafu upange ratiba yako. Kilichomwagwa kipeleke gereji inayokusanya oili chafu, usikimimine mtaroni.

Kuhusu kifilta cha juu, hapana. Kopo likiwa kwenye njia ya PCV na lina kifilta, manifodi itavuta hewa isiyopimwa kupitia hapo, na silensa itapanda. Likiwa kwenye njia ya pili, utakuwa umekata ule mvuto mdogo wa bomba la tabo uliokuwa unasaidia kutoa gesi, na harufu ya oili itaingia ndani ya gari. Kopo lifungwe kabisa, na tundu la kutokea lirudi kwenye bomba la hewa kabla ya tabo. Ukitaka kuweka na kwenye njia ya PCV, tumia kopo la pili lililofungwa, na valvu ya PCV ibaki mahali pake kama kawaida.

Na uelewe kuwa kopo hunasa mvuke wa oili tu. Likijaa kila wiki, usinunue kubwa zaidi. Rudi kwenye jibu la msomaji wa Mafinga.

Nimeweka bomba pana la milimita 80 badala ya la 70 pamoja na ea klina ya wazi. Sauti ni nzuri, lakini injini inagonga nikikanyaga sana. Sensa ya eaflo ni ile ile, nimeihamishia kwenye bomba jipya.
*Msomaji, Makambako*

Acha kulikanyaga gari hilo leo hii.

Sensa yako inahisi kasi ya hewa inayopita kwenye waya wake, na kompyuta inajua kuwa bomba ni la milimita 70. Eneo la 80 ni kubwa kwa asilimia 31. Hewa ile ile inapita polepole zaidi, kwa hiyo kompyuta inaona hewa pungufu kwa asilimia 23 hivi, na inatoa petroli pungufu kwa kiasi hicho hicho. Ukienda taratibu, sensa ya oksijeni inasahihisha sehemu kubwa, ndiyo maana hukuona tatizo mjini. Ukikanyaga mpaka chini, kompyuta inaacha kuisikiliza na kutumia hesabu yake yenyewe, ambayo sasa ni ya uongo. Petroli pungufu chini ya presha ya tabo ndiyo inayoleta huo mgongano unaousikia, na unaotoboa pistoni.

Rudisha kipande cha asili cha sensa. Kabla yake pawe na bomba lililonyooka la urefu wa walau mara mbili ya upana wake, kwa kuwa kona iliyo karibu inaipindisha hewa na kuyumbisha usomaji. Ukilazimika kubaki na 80, kompyuta irekebishwe na mtu mwenye kipimo cha mchanganyiko kwenye bomba la moshi, gari likiwa kwenye mzigo.

Ea klina ya wazi hatuipendi kwa barabara zetu. Inavuta hewa moto ya ndani ya boneti, na kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi la njia za mashambani linaila. Ikiwa ni ya kupakwa oili, oili ikizidi inashika waya wa sensa. Boksi la asili lenye karatasi safi linapoteza kidogo sana. Ila usafi wenyewe una uzito mkubwa zaidi milimani: tabo ikizidisha mgandamizo mara mbili, kilopaskali 3 ulizopoteza kwenye karatasi chafu zinakuwa 6 upande wa injini.

Nikiweka valvu ya kutoa presha nje, ile ya "pshh", kuna madhara?
*Msomaji, Iringa mjini*

Kwa gari lenye sensa ya eaflo, ndiyo. Hewa unayoitupa imekwishapimwa, petroli yake imekwishatolewa, hivyo kila ukibadili gia injini inapata petroli nyingi: moshi mweusi, mlipuko kwenye bomba la moshi, wakati mwingine kuzima. Valvu irudishe hewa kwenye bomba kabla ya tabo. Magari yanayopima presha ya manifodi, kama yenye injini 1JZ-GTE ya Toyota, hayana shida hiyo.

Hilux yangu ya dizeli, tabo na intakula. Kwenye kifuniko cha oili na mpira wa kupumulia kuna utelezi wa rangi ya chai ya maziwa, na intakula ina oili. Nina hofu ya gasketi ya kichwa.
*Msomaji, Njombe*

Angalia dipstiki kwanza. Oili ya dipstiki ikiwa safi na maji ya rejeta hayapungui, kwa kawaida gasketi yako ni nzima. Utelezi huo ni mvuke wa maji uliogandia mahali pa baridi, na Njombe ya Juni na Julai ina baridi ya kutosha. Safari fupi za nyumbani hadi sokoni hazipashi oili joto la kuukausha.

Tunachotaka ukiulize ni hiki: themostati (valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto) ipo? Mafundi wengi huitoa gari likichemka mara moja, wakidhani wamelisaidia. Injini isiyo na themostati huku kwenye baridi haifiki joto lake, maji hayakauki kwenye oili, utelezi unajaa kwenye mipira ya kupumulia na kuiziba. Irudishe, ya nyuzi zilezile za kiwandani, kisha safisha mipira yote.

Intakula ikiwa na oili ya kijiko kimoja au viwili, usiijali. Ikifika kikombe, ifungue na uimwage, kwani kwa dizeli hii ni hatari ya kweli: oili ikifyonzwa kwa wingi inakuwa mafuta, injini inapanda mizunguko yenyewe na haizimi hata ukizungusha ufunguo. Ikitokea kwenye gari la gia za mkono, kanyaga breki, weka gia kubwa na uachie klachi mpaka izimike. La otomatiki, ziba mdomo wa ea klina kwa ubao au kitu kigumu kipana, kamwe si kwa mkono. Ukiosha intakula, ikaushe siku nzima juani mdomo ukiwa chini kabla ya kuifunga. Masalia ya petroli au mafuta ya taa ndani yake yanaleta balaa lile lile.

Gari linavuta vizuri hadi mizunguko 3,500 kisha linakata pumzi. Mpira wa kuingia kwenye tabo ulipasuka, fundi akaweka kipande cha mpira wa rejeta. Halafu mipira ya intakula ya silikoni inachomoka kila nikipanda kutoka Kyela.
*Msomaji, Tukuyu*

Mambo mawili tofauti. Kabla ya tabo kuna mvuto, na mpira laini unabonyea ndani tabo inapohitaji hewa nyingi. Hapo ndipo pumzi inakatika. Weka mpira wa asili, au wenye waya wa mzunguko ndani yake. Ukitaka kuuona ukibonyea, mtu apandishe mizunguko gari likiwa limesimama huku wewe ukitazama kwa tochi, ingawa bila mzigo si kila mara unajionyesha.

Baada ya tabo kuna presha, na mipira inachomoka kwa sababu mbili: bomba halina mdomo uliotuna, au lina oili. Fundi wa kuchomelea aweke tuta jembamba la kuzunguka ncha ya bomba, alilainishe kwa msasa. Futa oili kwa spiriti, ndani ya mpira na juu ya bomba. Mpira upande juu ya bomba walau milimita 30, klipu ikae nyuma ya tuta, wala isikae juu yake. Tumia klipu pana za boliti, maana zile za meno ya skurubu zinakata silikoni. Kaza mpaka silikoni ianze kutuna pembeni ya klipu, uishie hapo. Ukiona shida kuuvesha, tumia maji yenye sabuni kidogo, usipake grisi. Baada ya kilomita 200 kaza tena, injini ikiwa imepoa.

Na kwa kuwa Tukuyu mvua haiishi, hakikisha mdomo wa kuvutia hewa haukushushwa nyuma ya bampa wakati wa kazi hizo. Dimbwi moja la kina cha bampa linatosha kuingiza maji kwenye silinda na kupinda koni rodi.